Nani anahesabu watoto?

Swali la msomaji: Tuna watoto saba. Wa kwanza ni msichana wa miaka 13, wanafuatia wa 11, 9, 8, 6 na 5, na wa mwisho ana miaka 2. Mimi na baba yao tunafanya kazi za mikono na tunapishana zamu, kwa hiyo jioni kuna saa mbili au tatu ambazo watoto wako peke yao. Mwezi uliopita wa miaka 5 alipotea karibu saa nzima. Kila mmoja alidhani yuko na mwenzake. Juzi wamejitengenezea kigari cha mbao, wakakishusha mteremkoni, na wa miaka 9 akachubuka uso. Mkubwa ameanza kukataa kubaki na wadogo. Jirani ananiambia niwafungie ndani mpaka mmoja wetu arudi. Hatuna fedha za kumlipa mlezi. Tufanyeje?

Jibu:

Mama, nianze na ushauri wa jirani, maana ndio wenye hatari ya karibu zaidi. Usiwafungie. Moto ukizuka ndani, mtoto mdogo aghalabu hakimbii. Hujificha chini ya kitanda au nyuma ya nguo, na wakubwa wakapoteza dakika za thamani wakimtafuta kwenye moshi. Mlango uliofungwa kwa nje huwaacha wote bila njia. Kama ni lazima ufungwe, basi ufungwe kwa ndani, kwa komeo ambalo wa miaka 8 anaweza kulifungua gizani bila kutafuta ufunguo. Mjaribishe mara kadhaa, taa zikiwa zimezimwa, kabla hujaamini kwamba anaweza.

Jambo la pili ni huyu wa miaka 2. Yeye hayumo katika mengi nitakayoeleza hapa chini, kwa sababu anahitaji mtu mzima. Nchi nyingi zina sheria au miongozo kuhusu umri wa mtoto kuachwa peke yake au kuachiwa mdogo, na inafaa uulize ya kwenu. Hata hivyo, tuiweke sheria kando: mtoto wa miaka 2 anaweza kuzama kwenye ndoo yenye maji ya sentimita chache tu, bila kelele yoyote, ndani ya muda ambao dada yake anamfunga mwingine kamba za viatu. Hakuna msichana wa miaka 13 anayeweza kumwangalia huyo na wengine watano kwa pamoja.

Kwa kuwa fedha hazipo, lipeni kwa saa. Tafuta mzazi mwenye mtoto wa rika hilo ambaye zamu zake hazilingani na zenu. Ampokee wako siku tatu za wiki, nawe umpokee wake siku uliyo nyumbani. Andikeni saa kwenye karatasi, kila mtu aone alizotoa na alizopokea, kwa sababu mipango ya namna hii huvunjika pale mmoja anapohisi anabeba zaidi na anaona haya kusema. Na baba aliyelala baada ya zamu ya usiku asihesabiwe kuwa yuko na mdogo huyo. Kwa wakubwa anahesabika, maana ndiye wa kuamshwa mambo yakiharibika. Kila jioni watoto wote sita wajue jina la mtu mzima wa kumkimbilia, na mtu huyo awe anajua kwamba ndiye.

Sasa tuje kwa aliyepotea. Umeandika kwamba kila mmoja alidhani yuko na mwenzake. Sentensi hiyo imeeleza chanzo chote. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ukiwaambia watoto watano "mwangalieni mdogo wenu", hujamwambia yeyote. Wala watoto hao si wazembe. Hata watu wazima kumi kwenye sherehe kando ya maji humpoteza mtoto kwa njia hiyohiyo. Ulinzi lazima uwe na jina moja kwa wakati mmoja.

Wapange wawili wawili. Wa 13 achukue wa 5, wa 11 achukue wa 6, halafu wa 9 na wa 8 waangaliane. Wiki inayofuata wakubwa wabadilishane wadogo, ili mtoto mgumu asimwangukie mtu mmoja daima. Mwenye zamu anapotaka kwenda msalani, kunywa maji au kuingia kwenye mchezo mwingine, amkabidhi mdogo kwa maneno: "Mshike." Mwenzake naye ajibu: "Nimemshika." Kama jibu halikusikika, makabidhiano hayajafanyika na yule wa kwanza bado ndiye mwenye mtoto. Fanyeni zoezi hilo nyumbani siku mbili tatu kama mchezo. Watalicheka mwanzoni, kisha litawakaa mdomoni.

Pamoja na hilo, mpe kila mtoto namba kwa mpangilio wa kuzaliwa. Wa 13 ni moja, wa 5 ni sita. Mkubwa akiita "Hesabu!", kila mmoja ataje namba yake kwa sauti, kwa zamu. Njia hii ni bora kuliko kuhesabu vichwa. Penye watoto wa majirani utahesabu vichwa sita na kuridhika, kumbe kimoja si chako. Namba isiyoitika inakuambia papo hapo nani hayupo. Wahesabu wanapotoka nyumbani, wanapohama kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine, kundi lingine la watoto linapoungana nao au kuachana nao, na kabla ya kurudi. Watoto hupotea zaidi kwenye mapito hayo kuliko katikati ya mchezo. Mchezo ukiwa umekolea, mtoto wa miaka 5 haendi popote. Unapoisha, wakubwa wanabishana wacheze nini, naye anamfuata mnyama, mashine yenye kelele, au mtoto mwingine anayekwenda kwao.

Akikosekana, wafanye hivi. Mmoja abaki pale walipokuwa, asisogee, kwa sababu mara nyingi mdogo hurudi mwenyewe. Mmoja akimbie kwa mtu mzima saa ileile, asisubiri "tumtafute kwanza". Waliobaki waanze na sehemu zinazoua haraka: maji ya aina yoyote, kisha barabara, kisha vitu vyenye mfuniko au mlango unaojifunga, kama magari yaliyoegeshwa, makasha makubwa na majokofu mabovu. Baada ya hapo ndipo waende kwa marafiki. Na waite kwa sauti ya kawaida. Mtoto aliyejificha akisikia jina lake likiitwa kwa hasira huzidi kujificha, hata akiwa hatua tano tu kutoka kwa anayemwita.

Mfundishe wa 5 upande wake pia. Akigundua hawaoni wenzake, asimame pale alipo. Kama hakuna anayekuja, amfuate mama mwenye watoto na kumwambia, "Nimepotea." Ajue jina lake kamili, majina yenu kamili (watoto wengi wa umri huo hudhani mama yao anaitwa Mama tu), na namba ya simu. Namba ndefu haiingii kwa kukaririshwa kama somo. Ikateni vipande vya tarakimu tatu tatu na muiimbe kila anapooga. Kisha mpime akiwa amechoka au analia, kwa kuwa siku atakayoihitaji atakuwa katika hali hiyo.

Kuhusu mipaka, msiwape umbali, wapeni alama. "Msiende mbali" haina maana kwa mtoto. "Msipite ule ukuta" ina maana. Tembeeni nao wote mara moja, mguse kila alama kwa mkono. Naona duara tatu zinatosha. La kwanza ni pale sauti ya mtu wa mlangoni inaposikika. Humo wa 5 na wa 6 wanacheza wakiwa na wenzao wawili wawili. La pili ni pale wa 8 na wa 9 wanapoweza kwenda pamoja bila kuvuka barabara ya magari. La tatu ni la wa 11 na wa 13, ambao huaga wanakwenda wapi na watarudi saa ngapi. Mtoto hahamii duara linalofuata kwa kutimiza umri tu. Huhamia kwa kuonyesha mara kadhaa kwamba analiweza alilonalo.

Barabara ni jambo la peke yake. Mtoto aliye chini ya miaka 9 au 10 hupima vibaya kasi ya gari linalokuja, hata akiwa na akili nyingi darasani. Uwezo huo hukomaa taratibu. Isitoshe ni mfupi. Akiwa kati ya magari yaliyoegeshwa haoni, na dereva hamwoni. Kwa hiyo kumfokea kwamba "hukuangalia" hakumsaidii, pengine aliangalia. Mchagulieni mahali pamoja pa kuvukia, penye uwazi pande zote, hata kama ni pa kuzunguka. Vuka naye mara kumi wewe ukisema kwa sauti unachokiona. Kisha mara kumi yeye ndiye aseme na aamue, nawe ushike mkono wake tu. Kisha avuke nawe ukiwa hatua tatu nyuma. Akikosea mara moja, rudini hatua moja, bila adhabu.

Nalisema hili la barabara kwa uzito kwa sababu ndilo lililowafanya watoto wasitoke tena nje peke yao katika nchi nyingi. Mtafiti Mayer Hillman na wenzake waliwachunguza watoto wa Uingereza wenye miaka 7 na 8. Mwaka 1971 asilimia 80 kati yao walikwenda shule bila mtu mzima. Mwaka 1990 walikuwa asilimia 9 tu, na hofu kubwa waliyoitaja wazazi ilikuwa magari. Barabara haikurekebishwa, mtoto ndiye aliyeondolewa. Familia yenye mzazi wa kumsindikiza kila mtoto inaweza kuishi hivyo. Yenu haiwezi, ndiyo maana kufundisha kuvuka kunawahusu ninyi kuliko wengine.

Kutumwa nako ni safari, na ndiyo njia nzuri ya kumkomaza wa 6 na wa 8. Anza na kitu kimoja, fedha kamili, nyumba au duka lililo ndani ya duara lake. Halafu vitu viwili na chenji. Halafu ujumbe wa mdomo ambao lazima arudi na jibu. Kosa la kawaida ni kumtuma mtoto wa miaka 6 vitu vinne kwa pumzi moja. Atarudi na viwili. Mwambie arudie agizo mbele yako huku akikunja kidole kimoja kwa kila kitu, aende na vidole vimekunjwa. Fedha zisishikwe mkononi. Mkono utaokota jiwe njiani na fedha zitaachwa pale. Zifungwe kwenye pindo au ziwekwe kwenye mfuko wenye kifungo.

Sasa kigari. Najua hasira ya kwanza ni kukivunjavunja. Naomba usifanye hivyo. Mwaka 2007 mtafiti wa Norway, Ellen Sandseter, aliigawa michezo ya hatari ambayo watoto huitafuta katika mafungu sita: kimo, kasi, vifaa vikali, mahali pa hatari kama maji na moto, mieleka, na kwenda mahali wanapoweza kupotea. Watoto wako wamegusa mawili katika mwezi mmoja, na hiyo si dalili ya utundu uliopita kiasi. Ukiwaondolea kasi hapa, wataitafuta mahali usipopaona. Wapunguzie kipimo, mchezo ubaki.

Miaka mingi kabla yake, mbunifu wa bustani wa Denmark, C. Th. Sørensen, aliona kwamba watoto huviacha viwanja vilivyopambwa na kwenda kuchezea mbao na matofali ya mahali panapojengwa. Mwaka 1943 kikafunguliwa kiwanja cha namna hiyo Emdrup, Copenhagen, kikiwa na mabaki ya vifaa vya ujenzi na zana, na mtu mzima mmoja aliyekaa karibu bila kuwaamulia wajenge nini. Lady Allen of Hurtwood, Mwingereza mtetezi wa watoto, alikiona mwaka 1946 akalipeleka wazo hilo Uingereza, kwenye viwanja vilivyobomolewa na mabomu. Hao hawakuwa watoto wa matajiri wenye vyumba vya michezo. Yule mtu mzima wa karibu ndiye ninayetaka umpate pia siku za kigari: kigari kitoke tu wakati mmoja wenu yuko macho na anaweza kusikia.

Vigari vya watoto huanguka kwa sababu nne, na karibu kila mara ni hizihizi. Ubao wa mbele unageuka kupita kiasi, magurudumu yanakaa ubavu na kigari kinapinduka. Hakuna breki, au breki iko upande mmoja na inakizungusha. Gurudumu linachomoka kwa kuwa lilishikwa na msumari uliopindwa. Au wamepanda wawili. Angalieni chenu pamoja na watoto mjue kilianguka kwa lipi kabla ya kugusa nyundo.

Ubao mkuu uwe na urefu wa sentimita 120 hadi 150, upana wa 20 hadi 25 na unene usiopungua 2.5. Ukiukanyaga katikati na ukapinda sana au ukalia, ni mbovu. Ubao wa nyuma wa kushikia magurudumu uwe na upana wa sentimita 50 hadi 60, ufungwe kwa boliti au skrubu nne, si misumari, maana misumari hulegea kwa mtikisiko na kuchomoka taratibu pasipo mtu kuona. Ubao wa mbele uwe mfupi kidogo, 40 hadi 45, na uzunguke kwenye boliti moja nene ya milimita 10 au 12 yenye washa (pete bapa ya chuma) juu, katikati na chini. Mwishoni fungeni nati mbili, ya pili ikiibana ya kwanza. Nati moja pekee itajifungua yenyewe, kwa sababu ubao unageuka kulia na kushoto muda wote.

Vigingi vya kuzuia ndivyo watoto huvisahau. Pigilieni vipande viwili vya mti chini ya ubao mkuu, kimoja kila upande, ili ubao wa mbele usigeuke zaidi ya nyuzi 25 au 30. Kuupima ni rahisi: pembe mraba ya karatasi ni nyuzi 90, ikunjeni iwe sehemu tatu zilizo sawa, kila moja ndiyo 30. Kamba ya kuongozea ifungwe kwenye ncha zote mbili za ubao wa mbele, na dereva aweke miguu juu ya ubao huohuo. Kamba isizungushwe kiganjani wala isifungwe mkononi. Kigari kikipinduka, mkono uliofungwa huburutwa nacho.

Magurudumu mawili ya ekseli moja (chuma kinachoyashika) yawe na ukubwa sawa. Yakitofautiana kigari kitavuta upande mmoja na mtoto atakuwa anapigana na kamba njia nzima. Kila gurudumu lizuiwe kwa washa na pini iliyopenya kwenye tundu la ekseli. Lizungusheni kwa kidole: liendelee kuzunguka kidogo lenyewe, lakini mkilivuta nje lisicheze zaidi ya milimita chache.

Breki nyepesi ni mti wa nusu mita kila ubavu, unaozunguka kwenye boliti, na ncha ya chini imefungwa kipande cha mpira wa tairi kuukuu kinachokandamiza gurudumu la nyuma. Unganisheni miti miwili kwa fito moja inayopita mbele ya dereva, ili akivuta zikamate pande zote kwa pamoja. Miguu si breki. Vifundo vya miguu huvunjika hivyo, mguu ukinaswa chini ya ubao wakati kigari bado kinakwenda.

Kabla ya mteremko, jaribuni mahali tambarare. Mmoja asukume kwa mwendo wa kukimbia polepole, aachie, na dereva asimamishe ndani ya mita mbili au tatu. Wakishindwa mara moja kati ya tano, breki irekebishwe. Kisha mteremko, na hapa wafundishe jambo ambalo hata wakubwa wengi hawalijui: kinacholeta kasi ni kimo walichoteremka, si urefu wa njia. Kikishuka kimo cha mita 1 bila breki wala msuguano kinaweza kufika kilomita 16 kwa saa. Mita 2, karibu 22. Mita 4, karibu 32. Kimo kikiwa maradufu, nafasi ya kusimamia nayo huwa maradufu. Nawashauri wasizidi mita 1, na wakishazoea, mita 2 iwe mwisho.

Kupima kimo ni kazi ya wa 11. Mmoja ashikilie kamba chini kabisa ardhini pale wanapoanzia, mwingine ateremke nayo akiivuta mpaka inyooke sawa. Wajue imenyooka kwa kushikiza pembeni yake chupa iliyojaa maji nusu: maji na kamba viende sambamba. Urefu kutoka kamba hadi ardhi kwa yule wa chini ndicho kimo. Mteremko ukiwa mrefu, wapime vipande vipande na kujumlisha. Hutaamini utulivu utakaoupata kwa saa nzima.

Waanze karibu na chini, wapande hatua tatu tu kila baada ya kushuka vizuri mara tatu. Mwisho wa mteremko pawe na nafasi tupu isiyopungua mara mbili ya urefu wa njia walioshuka, bila ukuta, nguzo, mtaro wala barabara. Mtu mmoja mmoja, amekaa, miguu mbele, kamwe asilale kichwa mbele. Viatu vya kufunika vidole, kofia ngumu ya baiskeli kama ipo ya kuazima. Wa 5 na wa 6 wapande mahali tambarare wakisukumwa. Mteremkoni kazi yao iwe kupiga kelele ya kuanza, na wasimame juu, nyuma ya kigari, si kando ya njia.

Ukweli ni kwamba wataumia tena kidogo, kwa hiyo wa 13 na wa 11 wote wawili wajue mambo machache kwa uhakika. Kidonda cha mchubuko kioshwe kwa maji safi yanayotiririka mpaka mchanga wote utoke. Mchanga unaobaki huacha alama na huleta usaha. Damu inayotoka sana ikandamizwe kwa kitambaa safi dakika kumi kamili bila kufunua kuchungulia, kwani kila kuchungulia kunaanzisha upya. Aliyeungua amwagiwe maji baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, bila mafuta, bila dawa ya meno, bila barafu. Aliyechomwa na msumari aonekane kituo cha afya, waulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda. Aliyegonga kichwa apelekwe hospitali haraka kama alizimia, anatapika tena na tena, anasinzia isivyo kawaida, ana degedege, mboni za macho hazilingani au kichwa kinazidi kumuuma. Na kwenye maji, mtoto asimfuate mwenzake anayezama. Arushe kamba, fito ndefu au dumu tupu lililofungwa mfuniko, huku akipiga kelele. Wakati mwingine wanaokufa huwa wawili: aliyezama na aliyemfuata.

Nimemwacha binti yako karibu na mwisho, ingawa ndiye ninayemfikiria zaidi. Watoto kuwaangalia wadogo zao si jambo geni wala baya. Mwaka 1977 watafiti Thomas Weisner na Ronald Gallimore walichapisha uchunguzi mkubwa kuhusu malezi haya na kuonyesha jinsi yalivyoenea duniani. Kinachomchosha mtoto si mdogo. Kinachomchosha ni kazi isiyo na mwisho unaojulikana, lawama isiyo na mamlaka, na mdogo wake wa miaka 11 kuachwa acheze huku yeye akilea. Yarekebishe matatu hayo. Saa zake ziwe na mwanzo na mwisho kwenye saa ya ukutani, zikiisha, mzazi aliyerudi ampokee wadogo kwa maneno yaleyale: "Nimewashika." Jioni mbili kwa wiki awe huru kabisa. Siku hizo wa 11 achukue wa 5, wa 9 achukue wa 6, wa 8 akiwa nao, na wote wabaki kwenye duara la kwanza. Na jambo likiharibika wakati alifuata utaratibu, asiadhibiwe. Akiadhibiwa, safari ijayo atakuficha.

Mwangalie pia kwa dalili. Kama ameanza kusinzia darasani, kuwapiga wadogo, au hana tena rafiki anayemtembelea, kazi imemzidi na inabidi ipunguzwe sasa, hata kabla hamjampata mtu wa kubadilishana naye saa. Na mwambieni mbele ya wote, baba yao akiwepo, kwamba aliyempoteza wa miaka 5 siku ile hakuwa yeye. Huenda kukataa kwake kulianzia pale.

Mkianza, msianze na kila kitu. Wiki hii shughulikeni na mlango, mtu wa kumpokea wa miaka 2, na namba. Wiki ijayo wawili wawili na makabidhiano. Kigari kikae kimefungwa kamba mpaka vigingi na breki viwe tayari, na anayestahili kukijaribu kwanza, mahali tambarare, ni yule wa miaka 9. Uso ukishapona, asipopewa nafasi hiyo atakiogopa au atakiiba.